Muulize Kabla Hujamwombea

Saa za mchana za kuwaona wagonjwa zikifika, wodi za hospitali kubwa za umma hapa Nairobi hujaa watu. Jamaa huingia na chupa za chai na vyakula vilivyofungwa kwenye leso. Wanawake wa jumuiya huja na sare zao, vijana wa makanisa na Biblia zao mkononi, na mara nyingine kundi zima hupita kitanda hadi kitanda likiombea kila aliyelala. Wengi wao huja kwa moyo mweupe. Mtu anayetoka Kariobangi kwa nauli yake mwenyewe kumtembelea asiyemjua anastahili heshima, na kwa mgonjwa aliyeletwa kwa rufaa kutoka kaunti ya mbali, huyo huenda ndiye mgeni wake pekee wiki nzima.

Linalonikera ni moja: anayeombewa haulizwi. Haulizwi kama anataka kuombewa, haulizwi aombewe nini, wala haulizwi yeye mwenyewe humwita Mungu kwa namna gani. Nimeliona hili wodini na nimeliona mtaani, na linawakuta zaidi watu wenye ulemavu, kwa sababu mwili wao unaonekana na kila apitaye hudhani anajua tayari wanachokihitaji.

Mdogo wangu aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda Barabara ya Jogoo. Alikuwa abiria, anatoka kazini. Sisi ni watu wa Majengo, Pumwani, tumezaliwa hapo na wazazi wetu wamezaliwa hapo, na habari ilifika nyumbani kabla ya simu ya hospitali. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kitanda. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa mpira wa mkojo, akawa anageuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Mimi na binamu zetu tulipokezana kukaa naye.

Mchana mmoja aliingia mama mmoja na wenzake. Aliweka mikono juu ya magoti ya mdogo wangu, akafumba macho, akaiamuru miguu iamke. Alirudia na kurudia, sauti ikipanda, mpaka wodi nzima ikageuka kutazama. Jina la mdogo wangu ni la Kiislamu na lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kadi juu ya kitanda, lakini hilo silo lililomuumiza. Walipoondoka alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Kaka, amesema imani yangu ni ndogo." Miguu haikuamka, na lawama akaachiwa yeye aliyelala.

Wakati huo kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata mimi niliyekuwa nikimlisha. Mdogo wangu alikuwa ameacha kuswali. Tulidhani amechoka, au amekasirika na Mungu, na mama alikuwa akilia kwa ajili hiyo akifika nyumbani. Madaktari walimuuliza kila asubuhi maumivu yake ni ya kiwango gani kati ya sifuri na kumi. Walimuuliza kuhusu choo, usingizi na chakula. Kuhusu hili hakuulizwa, na yeye hakusema.

Aliyemuuliza ni kasisi wa hospitali, mchungaji wa Kianglikana, mama wa makamo aliyekuwa akipita wodini siku za kazi akiwa na beji shingoni. Nilikuwepo. Hakufungua Biblia. Alisimama miguuni pa kitanda akauliza, "Naweza kukaa?" akangoja jibu, ndipo akavuta kiti. Walizungumza kuhusu ajali, kuhusu mpira, kuhusu mama yetu. Kisha akamwambia, "Siku za humu ndani ni ndefu, mwanangu. Kabla ya haya yote, ukizidiwa na mambo ulikuwa ukishika nini?"

"Swala," mdogo wangu akasema.

"Na sasa?"

"Sasa siwezi. Mkojo wangu uko hapa pembeni mchana na usiku. Nitaswali vipi na najisi imefungwa mwilini?"

Mchungaji hakumpa mawaidha. Alisema, "Hilo sina elimu nalo. Namjua mwenye elimu nalo. Nimwite?" Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, na nikamwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Ustadhi alikuja baada ya Alasiri. Kwanza alimsikiliza, ndipo akamweleza taratibu jambo ambalo wanafunzi wa fikihi husoma mapema lakini wengi wetu tulioishia juzuu chache madrasa hatukuwahi kufundishwa. Mtu asiyeweza kuuzuia mkojo ana udhuru. Kwa mafundisho ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, husubiri wakati wa swala uingie, akajisafisha kadiri awezavyo, akatia udhu, akaswali bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo hakimharibii swala. Kwa kila faradhi hutia udhu upya, basi. Asiyeweza kutumia maji hutayamamu kwa udongo safi. Akamkumbusha hadithi ya Imran bin Huswein, swahaba aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, ambaye Mtume alimwambia aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. "Ndugu yangu," akamwambia, "hujatolewa kwenye swala hata siku moja. Wewe ni miongoni mwa waliowekewa mlango wao."

Mdogo wangu alilia kwa sauti. Tangu ajali ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilia hivyo.

Yaliyofuata yalikuwa ya kiutendaji, na kwangu hayo ndiyo huduma yenyewe. Kibla kwa Nairobi ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo, na kitanda kilikuwa kimetazama kwingine. Sista wa zamu alikubali kukisogeza wakati wa kumgeuza, kwa kuwa magurudumu yalikuwepo na nafasi ilitosha. Ustadhi alikuwa amesema kwamba isingewezekana, angeswali vile vile alivyo. Udongo ndio ulioleta mjadala. Sista alikataa udongo wodini, na alikuwa na haki, maana kitanda cha jirani kulikuwa na kidonda kilicho wazi. Mchungaji aliwaweka pamoja ustadhi na sista wakazungumza. Wakakubaliana udongo mkavu kidogo ukae kwenye kopo lenye kifuniko, litumike likiwa juu ya paja lake tu, na akimaliza kuswali apanguse mikono kwa dawa ile ile wanayotumia wauguzi. Kopo lilikuwa la mafuta ya kujipaka, mama alilisugua mpaka harufu ikaisha. Mfuko wa mkojo ulifunikwa kwa kitambaa safi ambacho sista mwenyewe alikileta. Tangu Magharibi ya siku hiyo mdogo wangu aliswali kwa kuinamisha kichwa, rukuu kidogo, sijida chini zaidi kidogo.

Kitanda cha pili kulikuwa na mzee Mkatoliki kutoka Nyeri. Kwa muda wote aliokaa pale alikuwa ameombewa na makundi mengi, lakini alichotaka ni kuungama kwa padri na kupokea Ekaristi. Mchungaji alimuuliza swali lile lile, na padri akaletwa.

Nimeeleza kirefu kwa sababu watu wakisikia huduma ya kiroho hospitalini hufikiria mahubiri. Wengine hufikiria miujiza. Hospitali zenyewe nyingi huiona kama mambo ya hisani yanayoachiwa watu wa dini, yasiyohusu matibabu. Lakini ni sehemu ya taaluma ya afya tangu zamani, na ina historia yake.

Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kusini mwa London, hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa maradhi yasiyopona. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni mamoja ingawa yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Ukitibu upande mmoja ukauacha mwingine, mgonjwa bado anaumia, na hata mofini haitamtosha. Fundisho hilo lilifika kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na kutoka hapo huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, ikasambaa katika hospitali nyingine nchini. Shirika la Afya Duniani lilipoandika upya maana ya tiba shufaa mwaka 2002, liliyataja maumivu ya kiroho pamoja na ya mwili na ya nafsi, na mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukazitaka nchi wanachama ziingize tiba hiyo katika mifumo yao ya afya.

Kabla ya Saunders alikuwepo Anton Boisen wa Marekani. Huyu alikuwa mchungaji aliyeugua akili akalazwa, na alipopona akaona kwamba wachungaji hawakuwa wamefundishwa kumsikiliza mtu wa aina yake. Mwaka 1925 aliwapeleka wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, wakajifunze kwa wagonjwa wenyewe, wawasome kwa makini kama wanavyosoma maandiko. Mafunzo ya makasisi wa hospitali yanayotolewa leo katika nchi nyingi yametokana na kazi hiyo. Napenda kuikumbuka habari ya Boisen kwa kuwa elimu hii ilianzishwa na mgonjwa aliyejua kukaa kitandani kulivyo.

Daktari mwingine wa Marekani, Christina Puchalski, katika miaka ya 1990 alitayarisha maswali ya kumsaidia mhudumu wa afya kuanzisha mazungumzo haya bila kuingilia. Huuliza kwanza mtu anaamini nini au ni nini kinachompa maisha yake maana. Kisha, jambo hilo lina uzito gani kwake sasa anapougua. Kisha, ana jamaa wa imani au kundi la kumshika mkono. Mwisho, angependa wahudumu walishughulikie vipi. Kwa lugha yetu hayahitaji karatasi. Muuguzi anayepima presha anaweza kuuliza, "Mzee, nguvu unazipata wapi siku kama hizi?" na kwa jibu atajua kama amwite padri, shehe, pandit, binti yake aliye Kitengela, au asimwite mtu. Wapo wasio na dini kabisa, na wao pia wana roho inayohangaika usiku wa manane. Swali hili linawafikia vizuri kuliko sala wasiyoiomba. Na akisema hataki mazungumzo, iheshimiwe. Haki ya kukataa ni sehemu ya huduma.

Sasa nirudi kwa watu wenye ulemavu, maana hapa ndipo mazoea yetu yanapokosea zaidi.

Tiba shufaa imetuzoesha kudhani kwamba habari za roho ni za mtu anayekaribia kufa. Mdogo wangu hafi. Alitoka hospitalini na kiti cha magurudumu, akarudi Majengo, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na nyumbani, ana miaka mingi mbele yake inshallah. Kwake swali la roho linahusu kuishi. Nitaabudu wapi, na nani, na nafasi gani nitapewa? Hospitali ilimfundisha kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kujiinua au kuinama mbele mara kwa mara ili makalio yapumue asipate vidonda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoambiwa kwamba anaswali akiwa kwenye kiti, alimwonyesha jinsi ya kuinama rukuu na sijida bila kupoteza mizani, mkanda ukiwa umefungwa, na akamwambia kule kuinama ni sehemu ya mazoezi yake. Natamani kila mgonjwa wa uti wa mgongo anayeswali angeambiwa hivyo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ilichukua dakika chache tu.

Nje ya hospitali hakukuwa na aliyejiandaa. Ijumaa ya kwanza tulipofika msikitini, tulikuta ngazi. Nilimwacha mlangoni nikaingia kutafuta watu wawili wa kunisaidia kumnyanyua. Niliporudi, kulikuwa na sarafu na noti kwenye mapaja yake. Waumini walikuwa wakipita, wanamwona kijana kwenye kiti cha magurudumu kwenye lango la msikiti siku ya Ijumaa, mkono unaingia mfukoni. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kutarizi aliyoshonewa na shangazi, na kwenye paja moja ameweka mswala wake uliokunjwa. Hakuna aliyemtolea salamu. Mzee mmoja niliyemkuta akiinama kuweka shilingi ishirini alishtuka nilipomwambia, "Mzee wangu, huyu amekuja kuswali." Akasema astaghfirullah, akamshika mkono, akawa wa kwanza kumnyanyua. Hakuwa mtu mbaya. Picha aliyokuwa nayo kichwani ya mtu kama mdogo wangu ilikuwa moja tu.

Na ndani, mtu alinong'ona kwamba magurudumu yametoka barabarani na yatanajisi zulia. Imamu alilimaliza hilo kwa sentensi mbili: magurudumu yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, na nafasi iachwe mwisho wa safu. Ingekuwa vizuri kama yangesemwa kwenye hotuba ili yasiwe fadhila ya siku moja.

Nayasema ya msikiti kwa sababu ndio wetu. Rafiki zangu Wakristo wananiambia ya makanisani hayatofautiani. Wana rafiki kiziwi anayekwenda ibada Jumapili akiwa na mke wake anayesikia. Kiongozi husema, "Tufumbe macho tuombe," na pale pale kiziwi anakatwa kwenye sala, kwa kuwa macho yake ndiyo masikio yake. Akiyafungua amtazame mke wake akimtafsiria kwa mikono, kuna watakaomwona hana adabu. Kwenye wodi ni vivyo hivyo. Anayemwombea kiziwi kwa macho yaliyofumbwa na mkono juu ya kichwa chake amemfunika, hamfikii. Mkalimani wa lugha ya ishara akikosekana, hata kuandika kwenye karatasi au kwenye simu, "Ungependa nikuombee nini?" kuna tofauti kubwa, ikiwa anasoma.

Wenye ulemavu wa akili nao hunyimwa kwa namna nyingine: hudhaniwa hawamjui Mungu. Mtoto haandikishwi madrasa, haingizwi kwenye mafundisho ya Komunyo, kwa hoja kwamba haelewi. Nani kati yetu aliyeelewa kila kitu alipofundishwa Fatiha akiwa na miaka mitano? Tulijifunza kwa kusikia, kwa kukaa na watu, kwa sauti ya nyanya zetu alfajiri. Njia hiyo iko wazi kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo pia.

Nao mama zao. Kama kuna watu wanaohitaji kasisi au ustadhi mwenye masikio, ni hawa. Kliniki za mazoezi ya viungo za watoto zimejaa wanawake waliokimbiwa na waume zao, na karibu kila mmoja ameshaulizwa, kwa maneno au kwa macho, alifanya nini hata akapata mtoto wa namna hii. Amesikia laana, amesikia jini, amesikia dhambi ya babu. Injili ya Yohana ina kisa cha wanafunzi waliomwona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa hoja zote mbili. Kwetu kuna Sura Abasa, ambamo Mtume mwenyewe aliambiwa na Mola wake kuhusu kukunja uso na kumpa mgongo kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Kipofu huyo, Abdallah bin Umm Maktum, baadaye alikuwa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal, na Mtume aliposafiri aliwahi kumwachia mji. Mama wa kliniki akisikia hayo kutoka kwa mtu wa dini anayeheshimiwa, mzigo hupungua mgongoni, na ninaamini hata mtoto atafikishwa kliniki mara nyingi zaidi, kwa sababu mama hatamficha.

Kuna mpaka ambao lazima uwekwe wazi. Shangazi yetu alitaka mdogo wangu aletewe kombe. Ustadhi hakumgombeza, wala sista. Aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji safi, akanywa, na dawa zake akaendelea nazo zote. Sioni ubaya hapo, ni dua. Ubaya huanza pale mtu wa dini, awe wa upande wowote, anapomwambia mwenye kifafa aache vidonge kwa kuwa pepo limetoka, au mwenye virusi aache ARV kwa kuwa ameponywa. Kenya ilishaona huko Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walijinyima chakula hadi kufa na zaidi ya miili 400 ikafukuliwa msituni, jinsi neno la dini linavyoweza kuua likikosa wa kulihoji. Kasisi aliyefundishwa na anayefanya kazi na madaktari ni kinga dhidi ya hilo. Mgonjwa ana mtu wa dini wa kumuuliza, "Hili nililoambiwa ni kweli?" kabla hajatupa dawa.

Kisheria hatuanzii sifuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa kuabudu, na kifungu cha 43 haki ya afya ya kiwango cha juu kinachofikika. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na kutumia lugha ya ishara na Braille. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2008, na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 imechukuliwa nafasi na mpya ya 2025. Sensa ya 2019 ilihesabu asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi kuwa na ulemavu, takriban watu laki tisa, na ninaamini wengi hawakuhesabiwa kwa kuwa nyumbani walifichwa. Mahali pa ibada ni mahali kama pengine. Sijaona kwa nini benki iwekewe mteremko na msikiti usiwekewe.

Hospitalini ningependa kuona mambo madogo yakifanywa bila kusubiri bajeti kubwa. Swali la imani liulizwe siku ya kulazwa na jibu liandikwe kwenye faili, si neno "Mwislamu" au "Mkristo" tu bali anachokihitaji. Kaunta ya wauguzi iwe na namba za simu za makasisi, mashehe na wakalimani wa lugha ya ishara waliokubali kuitwa. Makundi ya maombi yaendelee kuja, lakini yapitie kwa kasisi, yaelezwe kwamba wanauliza kwanza, hawapazi sauti, hawachangishi sadaka kwa wagonjwa, na hawamgusi mtu kabla hajakubali. Kasisi mmoja hawezi kuzunguka wodi zote, nalijua hilo, na wauguzi wameelemewa. Lakini yule sista aliyeleta kitambaa hakutumia zaidi ya dakika tano.

Msikitini kwetu kamati ilijenga mteremko. Nia ilikuwa njema na saruji ilikuwa nzuri, lakini fundi aliujenga mfupi mno, hivi kwamba kiti kilitaka watu wawili wakisukume na mbele kiliinuka. Hakuna aliyemuuliza mtu wa kiti. Mdogo wangu aliomba kuzungumza na kamati, akaenda na futi yake. Aliwaeleza kipimo kinachotumiwa na wajenzi: kila sentimita 1 ya kwenda juu hutaka sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko unapaswa kuwa na mita 5.4, na hiyo nafasi mbele ya lango haipo, ila ukizungushwa ubavuni inapatikana. Wazee wenye magoti mabovu ndio waliomuunga mkono kwa nguvu zaidi. Ulivunjwa, ukajengwa upya ubavuni, na sasa anapanda mwenyewe.

Kimebaki chumba cha udhu. Viti vyake ni vya saruji, vya chini, bomba liko usawa wa goti, na kiti cha magurudumu hakisogei karibu. Kamati imekubali bomba moja lipandishwe na ukuta mfupi wa mbele yake ukatwe ili magoti yapite. Vipimo amechora yeye, na fundi ameahidi kuanza baada ya Idi.